Chaki Kwenye Kila Mlango

Mlionitumia barua za matusi baada ya sehemu iliyopita, zimenifikia. Mhariri alinikabidhi bahasha nzima, nikazisoma moja baada ya nyingine. Kusema kweli mmenihurumia. Mkishamaliza ya leo, mtatafuta maneno makali zaidi, na sitawalaumu.

Kwa anayenikuta njiani: mimi ndiye waliyekuwa wakiniita Dokta. Shule niliishia darasa la saba, na udaktari wangu niliusoma nyuma ya pakiti za dawa. Nilikuwa nazunguka kwenye mabanda ya kuku ya mtaa wetu nikiwa na ndoo, kijiko na kipande cha chaki. Ndani ya ndoo nakoroga dawa niliyoipa jina mwenyewe, Kombora. Kwanza ilikuwa unga wa njano peke yake. Ukaja mwaka unga wa njano ukawa haufanyi kazi tena, kuku wanalala chali nimeshawapa dozi kamili, nikaongeza unga mweupe. Mweupe nao ukachoka, nikaongeza wa tatu, wa pakiti yenye picha ya jogoo mwekundu. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini dawa zinachoka. Niliona ni bahati yangu kwamba madukani bado kuna nyingine.

Chaki ilikuwa na kazi yake. Nikishamimina dawa kwenye maji ya kuku, napiga mstari mmoja kwenye mlango wa banda, ili mwenye kuku asirudie. Mistari mitatu, dozi imekwisha. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa mwanzo. Baadaye niliona kuku wazima wakinywa Kombora kila wiki hawaumwi na wanakua haraka, nikawa sifuti tena. Napiga tu mistari juu ya mistari.

Sasa mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa anasafisha banda letu, na msumari wa mlango wa banda ukamchana mguu chini ya goti. Nikamtibu mwenyewe, nani mwingine? Vidonge vya kabatini, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Siku ya tatu kidonda kikakauka juu, nikamwambia aache, vilivyobaki tuviweke akiba. Siku ya tisa mguu ukavimba. Siku ya kumi na moja nilimbeba hadi hospitali akiwa anaongea na watu ambao hawapo chumbani. Sehemu iliyopita niliwaacha hapo, nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi, daktari akiwa anatoka na karatasi mkononi.

"Wewe ndiye mume wa mgonjwa wa kitanda cha tatu?"

"Ndiye mimi."

"Njoo huku, baba. Tukae."

Alikuwa binti mdogo, wa rika la mdogo wangu wa mwisho, amechomeka kalamu kwenye nywele na kuisahau. Alifunga mlango wa ofisi kwanza, ndipo akaniambia nikae.

"Majibu ya usaha yametoka," akasema. "Nikueleze walivyofanya. Usaha wa kidonda wameuotesha kwenye kisahani. Juu yake wakapanga vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofaa huacha duara safi pembeni yake, wadudu hawasogei. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Na cha mke wangu?"

"Kisahani kimeota chote. Hakuna duara."

Akageuza karatasi nami nione. Kidole chake kikaanza kushuka.

"Hii, sugu. Hii, sugu. Hii tuliyoanza kumchoma juzi, sugu. Hii, sugu."

Kidole kikasimama katikati ya karatasi. Akaniangalia.

"Baba, unazijua hizi dawa?"

Kumbe midomo yangu ilikuwa inayataja majina kabla kidole hakijafika. Ya kwanza ni ile ya njano. Ya tatu ni ile nyeupe. Ya tano nilikuwa nawapa vifaranga wa siku moja, kinga tu, hata kama hawana tatizo.

"Nimezisikiasikia," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo.

"Imebaki moja tu," akaendelea. "Ni ya zamani, inaumiza figo, ndiyo maana tunaiweka mwisho kabisa. Hapa kwetu imekwisha. Nimepiga simu hospitali mbili, hawana. Ndugu wa wagonjwa wengine wanaitafuta mjini tangu jana. Na wewe tafuta. Ikipatikana leo, tunaanza leo."

Akaniandikia jina kwenye kipande cha karatasi.

Nikalisoma. Nikalirudia herufi kwa herufi. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Watu wanaitafuta mji mzima, mimi ninayo katoni nzima kwenye stoo yangu, juu ya magunia ya pumba.

"Daktari, mimi ninayo."

"Una nini?"

"Hii dawa. Iko nyumbani, si pakiti moja wala mbili. Nikikodi pikipiki, nusu saa niko hapa."

Alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka nyuma yake.

"Umeitoa wapi?"

Nikakikunja kile kikaratasi chake.

"Ni ya kuku," nikasema.

Akakiinua kiti polepole, akakaa.

"Ya kuku."

"Lakini jina ni hilohilo, daktari. Ina picha ya jogoo, ila ndani ni ileile."

"Najua ni ileile." Aliongea kwa sauti ya chini sana. "Unawapa kuku wanaoumwa?"

"Wote. Na wazima. Wazima hasa."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu unakwisha."

"Na anayesafisha banda ni mama huyu."

Nilitazama kalamu iliyokuwa kwenye nywele zake, maana macho yake yalinishinda.

"Sikiliza, baba," akasema. "Siwezi kumpa mtu unga wa kuku. Haukutengenezwa kwa mshipa wa mtu, ningemuua mimi kwa mkono wangu. Lakini hilo siyo linaloniogopesha. Nilikuwa naitegemea hii dawa kwa sababu niliamini wadudu waliomo kwenye ule mguu hawajawahi kukutana nayo. Sasa wewe unaniambia wameinywa kwa ndoo kila wiki, miaka miwili."

Akachukua simu ya mezani, akaongea na maabara. Nilisikia maneno machache tu. Kitanda cha tatu. Na ile ya mwisho nayo. Hapana, msisubiri dawa ipatikane, pimeni leo.

Alipoweka simu akauliza, "Hiyo ndoo yako inaenda kwenye mabanda mangapi?"

"Matatu," nikasema. "Manne hivi."

Uongo wa pili. Niliusema haraka, na ukatoka laini kuliko wa kwanza.

Akanipeleka wodini kumwona mke wangu. Nikavalishwa kanzu ya karatasi na glavu, nikaambiwa nisiguse kitu. Wodi yenyewe, ambayo sikuwa nimeruhusiwa kuingia tangu tufike, ilikuwa ya vitanda vinane, mwisho wa korido, mlangoni wamefunga utepe mwekundu. Nilidhani utepe ni wa kuzuia watu wasiharibu sakafu iliyopigwa deki.

Hatukufika kitanda cha tatu.

"Dokta!"

Daktari akageuka. Mimi ndiye niliyekuwa naitwa.

Kitanda cha kwanza alikuwa Mama Mayai, mteja wangu wa siku nyingi, mwenye kuku mia mbili wa kutaga. Uso ulikuwa umekonda, shavu limeingia ndani, lakini alipoona sura yangu akatabasamu kana kwamba amemwona mwanawe.

"Na wewe umekuja? Basi tumepona," akasema. Kisha kwa daktari: "Daktari, huyu ni mwenzio. Mimi kuku wangu walikuwa wanakufa kumi kwa siku, akaja huyu na ndoo yake, hajafa hata mmoja tena. Hizi sindano zenu sijui zina nini. Wiki mbili nachomwa, homa ya figo haiondoki. Muulize huyu, atakwambia cha kuchanganya."

"Mama, pumzika," nikamwambia.

"Nipumzike mara ngapi? Si nimelala wiki mbili?" Akamshika daktari mkono wa kanzu. "Mtaa mzima kule kwetu ni huyu. Hakuna banda ambalo hajalipiga chaki."

"Chaki?" daktari akauliza.

Mama Mayai akamweleza yote, kwa raha, kama anayesimulia harusi ya mtoto wake. Mstari mmoja, mistari mitatu, mlango wake mwenyewe ulivyojaa mpaka naandika kwenye fremu. Daktari alisikiliza bila kumkata.

"Na huo mtaa wenu, mama, una mabanda mangapi?"

"Nani atayahesabu? Arobaini. Siku hizi kila mtu ana kuku."

Daktari hakuniangalia. Ningependelea angeniangalia, hata angenitukana.

Nikageuza macho yangu pembeni kukwepa, na hapo ndipo nilipoona kitanda cha pili. Babu wa nyumba yenye geti la bluu. Cha sita, dada mmoja anayeuza chipsi za vifaranga, yaani vile vipande vya mbao vya kutandika bandani. Wote waliniona, yule dada akanipungia mkono. Wodi ya vitanda vinane, na nusu yake ni milango yangu.

Mke wangu alikuwa macho. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, akili imemrudia. Nilipoinama akaninong'oneza.

"Umemwambia mabanda mangapi?"

"Manne."

Akafumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Umeangusha sifuri," akasema.

Alitaka kucheka, maumivu yakamkatiza. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa ananiambia kila siku, wewe hata paka akipiga chafya utamkorogea. Nilikuwa nadhani ananitania, na yeye alikuwa ananiomba.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Yuko na mama yako. Yuko salama."

"Umewapigia?"

Anajua kama ninavyojua mimi: simu ya mama yake hukaa kwenye droo, imezimwa, na huwashwa siku yeye mwenyewe akitaka kupiga. Tangu tufike hospitali sikuwa nimetoka pale.

"Ukitoka, pita nyumbani," akasema. "Mwambie mama asimpe mtoto kitu chochote kutoka kwenye ndoo yako. Chochote. Unanisikia?"

"Mama yako? Mama yako hata maji ya kunawa hayapokei mkononi mwangu."

"Hiyo ilikuwa zamani."

Hapo alisema kweli, na inabidi niwakumbushe. Mama mkwe alininunia miaka saba. Binti yake mmoja, tena msomi, kaolewa na mtu wa ndoo. Akija kwetu haniiti kwa jina wala kwa cheo, ananiita "huyu". Huyu ameamka? Huyu amekula? Mpaka kuku wake mwenyewe walipougua mwaka jana, nikaenda na Kombora, wakasimama siku ya tatu. Siku ile aliniita Dokta kwa mara ya kwanza, mbele ya watu. Nilirudi nyumbani naimba.

Nikamwahidi mke wangu nitapita. Halafu presha yake ikashuka, wakanitoa nje, wakawa wanaingia na kutoka wanakimbia, na siku ile sikupita popote.

Kesho yake mchana majibu yakaja, yakiletwa na mtu wa maabara mwenyewe. Hilo tu lilitosha kuniambia. Habari njema huletwa na karatasi.

Alikuwa ameshika kishikio chenye vichupa vinane, akakiweka juu ya meza ya daktari, dirishani kwenye mwanga.

"Hii dawa haipimwi kwa kisahani," daktari akaniambia. "Inapimwa kwa maji. Kichupa cha kwanza kina dawa kidogo, cha nane kina nyingi mno, nyingi kuliko mwili wa mtu unavyoweza kubeba. Vyote vimetiwa wadudu wa mkeo. Maji yakibaki safi, dawa imeshinda."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Vichupa vyote vinane vilikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Nilivikagua kimoja kimoja nikitafuta kimoja tu cha kubishania, nikarudia kutoka mwisho.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo leo jioni tunamrudisha chumba cha upasuaji. Tutausafisha ule mguu tena. Tukikuta umefika kwenye mfupa, tutaukata juu ya goti. Kisha tutampa dawa mbili kwa pamoja, za kiwango cha juu, tukiomba zisaidiane. Siwezi kukuahidi kitu, baba. Ningekuahidi ningekuwa nakudanganya."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine ndio sababu sijakufukuza ofisini kwangu." Akachomoa kalamu kwenye nywele. "Nina wagonjwa wanne wenye wadudu wa namna moja, na sijui huko nje wako wangapi ambao bado wanadhani wana jipu la kawaida. Nataka kila banda ulilopita. Nani anaishi hapo, nani anasafisha, nani ana kidonda. Afisa wa afya anakusubiri nje. Utatembea naye."

Ningependa kuwaambia nilikubali hapohapo. Hapana. Nilifikiria milango arobaini na watu arobaini waliokuwa wananipa kiti nikifika. Nilifikiria watakachonifanya wakijua. Nikasema naomba kwanza nimuulize mke wangu, nikijua ni mgonjwa, huenda amelala, na nikimkuta amelala nitapata saa moja ya kufikiria jinsi ya kukwepa.

Hakuwa amelala. Walikuwa wameshamwambia habari ya mguu. Alikuwa anaitazama miguu yake chini ya shuka, yote miwili, kama anayeaga.

"Wanataka nikawaonyeshe milango," nikasema.

"Sasa umesimama hapa unafanya nini?"

"Wataniua."

"Wakikuua utakuwa umewaonyesha," akasema. Kisha akanyoosha mkono, akasahau kwamba haturuhusiwi kugusana, akaushika mkono wangu juu ya glavu. "Milango yote. Safari hii usiangushe sifuri. Na uanze na nyumbani."

Sikuanza na nyumbani. Kosa hilo nalikiri leo mbele yenu wote. Afisa wa afya alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye ubao wa kuandikia na viatu vilivyochakaa kisigino, na akasema tuanze mwanzo wa mtaa tukishuka, ndivyo kazi yao inavyofanywa. Nami nikakubali, maana nyumba yangu iko mwisho, na kila mlango kabla ya wangu ulikuwa unanipa muda.

Sikuwahi kuitembea ile mitaa bila ndoo. Bila ndoo niliiona upya. Kila nilipotazama palikuwa na chaki. Kwenye mbao, kwenye bati, kwenye mlango wa zamani wa gari uliogeuzwa mlango wa banda. Mistari minne na mmoja wa kuikata, minne na mmoja wa kuikata, mingine imefifia kwa mvua na mingine ya wiki iliyopita bado inang'aa. Mwandiko wangu wote. Kama ni kesi, nilikuwa nimeshasaini.

"Dokta, leo umekuja na mwanafunzi?" watu wakawa wananisalimia.

Afisa anatabasamu, anaandika. Kuku wangapi. Watu wangapi. Nani anaumwa.

Mlango wa kumi na moja, mama mmoja alituletea maji ya kunywa, akanivuta pembeni.

"Dokta, baba ana jipu mgongoni. Wiki ya tatu, haliivi wala halinywei. Nimempa vile vidonge nilivyompa mtoto mwezi uliopita, vilibaki vinne. Sasa nikasema, wewe kwa kuwa umefika, si ungemkorogea kidogo tu?"

Kalamu ya afisa ikasimama.

"Mpeleke hospitali," nikamwambia. "Leo. Usingoje kesho."

Akacheka, akanipiga bega. "Wewe nawe. Tangu lini unatupeleka kwa washindani wako?"

Nilirudia mara tatu ndipo uso wake ukabadilika. Tulipotoka pale nilisikia anamwamsha mzee wake. Tukatembea na afisa mpaka kona ya pili.

"Wako wangapi mbele?" akauliza.

"Ishirini na nane, na wa kwangu."

"Haya."

Jua lilikuwa linaanza kuegemea tulipofika kwangu. Uani kwetu kumepangika hivi: mkono wa kushoto banda, linafuata stoo, halafu vyumba viwili vya kulala ambavyo milango yake inatazama uani, yote ya mbao, yote niliipaka rangi moja siku moja. Mgeni hawezi kujua kipi ni kipi. Niliita hodi, hakuna aliyeitika. Nikasikia maji yanamwagwa nyuma ya nyumba, nikajua mama mkwe anafua.

Afisa akasimama mbele ya banda langu. Mlango ule ulikuwa hauna tena pa kuandika.

"Hapa ni kwako?"

"Hapa ni kwangu."

"Kuku wangapi?"

"Mia na ishirini."

"Anayesafisha?"

"Yuko kitanda cha tatu," nikasema.

Akaandika, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akasogea hatua chache kufuata ukuta. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu, na nawaambia ukweli, kwa mara ya kwanza tangu mchana nilihisi nimepata nafuu kidogo. Milango imekwisha. Sikuficha hata mmoja.

"Na hili la mwisho?" nikamsikia anauliza. "Naona mistari mitatu. Humu mna kuku wangapi?"

Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama mbele ya chumba cha mwisho, kalamu juu ya karatasi.

"Hilo siyo banda," nikasema.

Mistari ilikuwa kwenye usawa wa kifua cha mtu mfupi. Haikuwa mwandiko wangu. Ilikuwa imepigwa taratibu, kwa uangalifu, na mtu ambaye hajazoea kushika chaki.

"Umefika, Dokta?" Mama mkwe alitokea upande wa nyuma, beseni la nguo kiunoni, uso umekunjuka. "Hujambo? Mwanangu anaendeleaje? Nilijua leo utakuja, nimekuwekea chakula."

"Mama, hii chaki."

"Si nimefuata utaratibu wako?" Akatua beseni. "Mke mwenzangu huyu, mjukuu wangu, hasikii la mtu. Siku ile mlivyoondoka, kaenda kuwatafuta vifaranga bandani, kaanguka, kachubuka goti. Kidonda kidogo tu. Jana asubuhi nikaona goti limejaa na mwili unachemka. Nikasema sasa nani wa kumwita? Mama yake yuko hospitali, Dokta yuko hospitali. Lakini ndoo ya Dokta ipo."

"Ulimpa nini, mama?"

"Kombora. Unga wa jogoo nikauzidisha kidogo, maana uliwahi kusema ule ndio baba lao. Kijiko cha chai kwenye maziwa. Jana mara mbili, leo mara moja. Na kila nikimpa napiga mstari, ili ukirudi usije ukamrudishia dozi." Akaniangalia, mikono bado ina povu. "Sikukosea?"

Miaka saba nilitaka mama huyu aniamini.

Nilisukuma mlango. Mwanangu alikuwa amelala juu ya shuka, goti limenyooshwa juu ya mto, limevimba, linang'aa, na kutoka kwenye mchubuko mstari mwekundu umeanza kupanda paja. Nilikuwa nimeuona mstari kama ule siku chache nyuma, kwenye mguu mwingine, nikasema utaondoka wenyewe. Akafumbua macho.

"Baba," akasema, "dawa yako ni chungu. Lakini nimekunywa yote."

Nyuma yangu, uani, afisa wa afya alikuwa bado hajaelewa. Alikuwa amesimama vilevile, ubao mkononi, anasubiri idadi.

Nikamwambia aandike mmoja.